Niliwaambia Watoto wa Dada Yangu Mama Yao Ameenda Kukimbia Mbio

Makosa ni yangu. Naanza hapo ndio nisifike katikati nikaanza kulaumu mtu mwingine, maana hiyo ndiyo tabia yangu. Hakuna aliyenituma. Pombe sikuwa nimekunywa. Nilidanganya watoto wawili asubuhi nikiwa nimeshika sufuria ya chai, na uongo wenyewe ukakua mpaka ukavishwa trakisuti.

Nakuambia wewe kwa sababu hunijui. Wanaonijua wamechoka kunisikiliza.

Mimi ni fundi wa kuchomelea milango na madirisha hapa Eldoret, kule Huruma. Sijaoa. Dada yangu mkubwa, wacha nimwite Nekesa, anapanga nyumba katika ploti moja Pioneer, zile za geti moja na bomba moja. Anashona sare za shule. Ni mama mnene, mcheshi, na mtu wa kukaa. Akienda sokoni lazima apumzike njiani, na akirudi anapumzika tena mahali palepale, mpaka mwenye duka la hapo alishamwekea kiti.

Ana watoto wawili. Nasimiyu ni msichana wa miaka kumi na moja. Wafula ana saba. Baba yao aliondoka Wafula akiwa bado ananyonya. Alisema anaenda Kampala kutafuta kazi, atarudi Krismasi. Hakusema Krismasi ya mwaka gani.

Dada alianza na maumivu ya tumbo ambayo hayakuisha. Akapimwa, akapimwa tena, na mwisho daktari akamwambia ni saratani. Angepasuliwa kwanza, halafu aanzishwe zile dawa kali za kuwekewa kwa mshipa.

Siku moja kabla ya kulazwa aliniita, akasimamisha cherehani, akaniambia, "Wewe ndiwe utakaa na watoto. Jana nilijaribu kuwaambia, nikaanza kulia, nikasingizia kitunguu. Nasimiyu akaangalia, hakuna kitunguu. Sasa uwaambie wewe. Polepole, lakini uwaambie ukweli. Mama ni mgonjwa, yuko hospitali, anatibiwa."

"Nitawaambia."

"Ukweli?"

"Ukweli, dada."

Nilijiandaa, usifikiri sikujiandaa. Nilikuwa na maneno yangu, nimeyapanga vizuri. Dada akaondoka alfajiri watoto wakiwa wamelala, nikaweka chai. Wafula akatoka chumbani na soksi moja.

"Khocha, mama ako wapi?"

Khocha ni mjomba kwa Kibukusu. Sasa huyo mtoto aliniangalia na ile soksi moja, na maneno yangu yote yakanitoka kichwani. Na wakati huohuo nje ya ua wakapita wale wanariadha wa asubuhi. Ukiishi mji huu unawajua, wanapita kila siku, hata husikii tena. Mimi siku hiyo nikasikia zile nyayo. Halafu nikasikia mdomo wangu ukisema, "Ameenda kambini. Kufanya mazoezi ya mbio."

"Mama?"

"Mama."

"Mama huyu wetu?"

Nasimiyu alikuwa anafunga kamba za viatu. Akaacha. "Khocha, mama akienda sokoni anapumzika mara mbili."

"Ndio maana wamempeleka kambini," nikasema.

Niliapa kimoyomoyo nitarekebisha jioni. Lakini jioni Wafula alikuwa ameshatangazia darasa lake lote, ameshaambia ploti, na amevua viatu anazunguka tangi la maji akihesabu raundi. Mtoto alikuwa na furaha ambayo sijawahi kumwona nayo. Mimi ningeanzia wapi?

Sasa elewa jambo moja. Kudanganya kuhusu mbio Eldoret ni kama kudanganya kuhusu samaki Kisumu. Ungechagua uongo mwingine wowote ungepita. Ningesema ameenda kozi ya ushonaji Nakuru, mambo yangeisha.

Jirani wa kwanza kunikamata alikuwa Mama Chela. Ni mama wa makamo, Mkalenjin, mlango wake unatazamana na wa dada, anauza maziwa. Kwao mbio si mchezo. Alinikuta bombani.

"Kijana, nasikia Mama Wafula ako kambini."

"Ndio, mama."

"Anakimbia mbio gani?"

"Za akina mama."

"Akina mama wa miaka gani?"

Nikakwama. Nikasema, "Si miaka. Ni za akina mama wazito."

Aliniangalia muda mrefu, mtungi wake ukijaa na kumwagika. Halafu akasema, "Siku hizi wamefikiria kila mtu," akabeba maji yake akaenda.

Wa pili alikuwa Mzee Kogo, ndiye anayetunza ploti. Zamani alikuwa mwalimu wa michezo, na hadi leo anavaa saa ya kupima muda shingoni. Alikuja kwa heshima, akavua kofia, akaketi.

"Mimi sikujua tuna mwanariadha kwa ploti," akasema. "Muda wake ni gani?"

"Dakika nne, mzee." Nilikuwa nimesikia dakika nne mahali.

"Kwa mita ngapi?"

"Raundi."

"Raundi moja?"

"Moja."

Mzee Kogo akaifikiria kweli, kama daktari anayesoma picha ya kifua. Mwisho akasema, "Basi ana nafasi kubwa ya kuboresha." Akaniachia ushauri kuhusu kupumua, nimfikishie.

Na vitu vikaanza kuja. Mayai, maziwa, asali ya kutoka Baringo, mtama. Wanaleta wanasema, "Peleka kambini, apate nguvu." Mimi nabeba napeleka hospitalini. Dada alikuwa amepasuliwa, amelala na mirija, anaona mayai kwenye meza yake anashangaa.

"Majirani wamejua?"

"Wamesikia."

"Wamesema nini?"

"Wamesema ukaze."

Dada akalia. "Watu wazuri sana," akasema. Halafu, "Na watoto, uliwaambia?"

"Niliwaambia."

"Walilia?"

"Walishangaa."

Umeona? Hakuna neno moja la uongo hapo. Nilikuwa nimefika kiwango cha kudanganya kwa ukweli.

Ile wodi watoto wadogo hawakuruhusiwa, na mimi nikashukuru Mungu kwa sheria hiyo. Lakini simu ilikuwa shida. Dada alipopata nguvu alitaka kuongea na watoto. Namwambia wako shule, wako kanisani, Wafula anaoga. Mtoto alioga mwezi huo kuliko samaki. Na watoto wakiuliza kwa nini mama hapigi simu, nawaambia kochi wa kambi amewanyang'anya wote simu ili wasipoteze akili ya mbio.

Hapo ndipo ubaya wenyewe ulikuwa, na mimi sikuuona. Nilikuwa naangalia Wafula. Wafula alikuwa na raha. Alikuwa ameandikisha watoto wote wa ploti, kila asubuhi wanazunguka tangi, Mzee Kogo anapima kwa saa yake. Hata shuleni mwalimu wake alinipigia kuuliza kama mama anaweza kuja siku ya michezo apulize kipenga. Nikasema kochi amekataa. Huyo kochi wangu alikuwa mtu mbaya sana.

Nasimiyu sikumwangalia. Nilidhani amekubali kwa sababu alinyamaza. Aliosha vyombo, alimfunga mdogo wake vifungo, alifanya kazi ya shule. Siku moja tu, nikisonga ugali, alisimama mlangoni akauliza, "Khocha, mama alilazimishwa kwenda?"

Nikafikiri anataka kujua kama mama yake anateseka. Nikamwambia kwa kumfariji, "Hapana. Alienda kwa kupenda. Alifurahi sana."

"Hakutuaga."

"Angewaaga mngelia."

"Baba pia hakutaka tulie," akasema, akarudi kwa vyombo.

Nikaendelea kusonga ugali. Ndugu msomaji, mtoto aliniambia yote kwa maneno hayo manne, na mimi nikaendelea kusonga ugali.

Kuanzia siku hiyo hakutaja neno mama. Wafula akisema, "Mama akirudi," yeye anatoka nje. Halafu Jumamosi moja nikarudi kutoka kazini nikakuta kabati la dada liko wazi na limebaki tupu. Gauni zote, sketi, kanga, sweta ya kanisani, hakuna.

"Nguo ziko wapi?"

"Nimepeana kanisani. Walikuwa wanakusanyia watu wa mafuriko."

"Za mama yako? Zote?"

Akaniangalia bila woga. "Wanariadha ni wembamba. Akirudi hazitamtosha."

Ningejibu nini? Kulingana na habari nilizompa mimi mwenyewe, mtoto alikuwa amesema sawa.

Siku ya dada kutoka ikafika. Daktari alisema apumzike nyumbani, atakuwa anarudi kwa dawa. Niliwaambia watoto tu kwamba mama anakuja kesho. Nilikuwa nimepanga nimwingize kimya, tukae chini wote, niseme. Hata maneno nilikuwa nimeyapanga tena. Mimi nikipanga maneno ujue kuna balaa.

Nilimwambia Wafula asiambie mtu. Alimwambia kila mtu.

Nikaomba rafiki yangu mwenye gari tumlete dada. Alikuwa amebaki nusu. Kichwani kitambaa, maana nywele zote zilikuwa zimeanguka kwa zile dawa kali, mkononi bado ana ule ukanda wa hospitali wenye jina. Tukakata kona ya kuingia ploti, na dada akasema, "Kuna harusi?"

Geti lilikuwa wazi. Watoto wa ploti walikuwa wamepanga mistari miwili, wengine na trakisuti za shule. Kulikuwa na vuvuzela. Kulikuwa na karatasi kubwa ya manila imeandikwa KARIBU BINGWA WETU, na herufi za mwisho zimebanana kwa kukosa nafasi. Mama Chela na akina mama wenzake walikuwa wamesimama mbele na kibuyu cha mursik, yale maziwa ya kuchacha ambayo huku hupewa mkimbiaji akitoka kushinda. Mzee Kogo alikuwa na koti lake la ualimu na ile saa shingoni.

Dada akaniangalia. "Hawa wanasherehekea nini?"

"Wewe."

"Nimefanya nini?"

Nikamwambia. Sikuwa na muda wa kupamba, gari lilikuwa linasimama. Nikasema, watoto hawajui uko hospitali, niliwaambia umeenda kambi ya mbio, na ploti ikaamini.

Akaisoma ile manila. Akauliza, "Nimeshinda?"

"Sijasema umeshinda. Nimesema bado uko mazoezini."

Dada yangu akacheka. Alicheka akishika tumbo kwa ajili ya mshono, akicheka na kuuma kitambaa. Halafu kicheko kikamwisha usoni, akauliza kwa sauti ingine kabisa, "Kwa hivyo watoto wangu wanajua niliwaacha nikaenda kukimbia?"

Kabla sijajibu, mlango wa gari ukafunguliwa.

Akashuka. Watu wakaona alivyokonda, na sauti ya mshangao ikapita kwa umati, ile ya heshima. "Kambi imemkausha," mmoja akasema. Mama Chela akasema, "Huyu amefanya kazi," na akamwekea kibuyu mdomoni. Dada akanywa kidogo kwa adabu. Dawa zilikuwa zimemtoa vidonda mdomoni, na yale maziwa ni makali, machozi yakamtiririka. Watu wakadhani ni furaha. Wakapiga makofi.

Wafula akafika akiwa anahema, amevaa bukta yake ya kukimbilia. Akamkumbatia mama miguu. "Mama, medali iko wapi?"

"Sina medali, mwanangu."

"Basi kimbia kidogo waone. Hadi kwa tangi tu."

Watu wakatulia. Wakafungua njia. Mzee Kogo, na sijui kama ni mazoea tu, akashika saa yake.

Nilitaka kuongea. Nakuapia nilifungua mdomo, na hakuna kitu kilitoka. Dada akanisubiri. Alinipa nafasi, najua alinipa nafasi. Alipoona sina la kusema, akaomba kiti. Akaletewa, akaketi palepale getini, akamvuta Wafula katikati ya magoti yake.

"Majirani, asanteni," akasema. "Mungu awabariki kwa mayai na asali, nilikula. Lakini mimi sijatoka mbio. Nimetoka hospitali. Nina saratani. Wamenipasua tumbo, na sasa naendelea na dawa. Nimeona niseme kabla hamjafungua kibuyu kingine."

Hakuna aliyesonga. Mtoto mmoja akapuliza vuvuzela kwa bahati mbaya, akapigwa kofi.

Wafula akamwangalia mama yake. "Kwa hivyo hukukimbia hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Mtoto akaanza kulia. Lakini hakulilia saratani, hiyo hakuijua ni nini. Alimlilia bingwa wake. Alilia kama mtu aliyefiwa, na mama yake akamshikilia, na watu wazima wenye vibuyu wakawa wanaangalia chini.

Nasimiyu alikuwa amejifungia ndani tangu asubuhi. Alikataa kutoka kumpokea. Sasa tukasikia komeo. Akatoka, akapita katikati ya ile mistari miwili, akasimama mbali na kiti kidogo.

"Ulikuwa hospitali?"

"Nilikuwa hospitali."

"Siku zote?"

"Siku zote. Nilikuwa nauliza nyinyi kila siku. Naambiwa Wafula anaoga."

Msichana akavumilia, akavumilia, mwisho machozi yakamtoka. "Kwa hivyo hukutuacha."

"Ningewaacha niende wapi na miguu hii?" dada akasema, na Nasimiyu akamwangukia, na dada akaguna kwa uchungu wa mshono lakini hakumtoa.

Mimi nilikuwa nimesimama na begi la hospitali. Mama Chela alinipokonya lile begi mkononi kama mtu anayepokonya mlevi funguo.

Jioni ile dada aliwaambia watoto kila kitu, mimi nikiwa nimekaa chini kwa sakafu. Alifungua kitambaa, akamwacha Wafula amguse kichwa. Wafula akauliza, "Zitamea tena?" Akasema nywele humea. "Na ugonjwa?" Akasema ugonjwa pia unaweza kurudi, ndio maana wanampa dawa, wanajaribu usirudi. Wafula akauliza kama unaambukiza. Akauliza kama ni kwa sababu alimkasirisha ile siku alipopoteza kalamu. Dada akamwambia hapana, na hapana, na akamwambia tena ile hapana ya pili mara kadhaa. Hayo ndiyo maswali aliyokuwa nayo. Angeyauliza ile asubuhi ya soksi moja, na mimi ningeweza kuyajibu. Hayakuwa magumu.

Nasimiyu akasema, "Mama, nilikuchukia."

"Sana?"

"Sana. Na nguo zako nimepeana."

"Zote?"

"Zote."

Dada akajiangalia, gauni limemning'inia kama limetundikwa kwa msumari. Akasema, "Hata hazingenitosha." Wakaanza kucheka wote wawili. Mimi nikacheka pia. Wakageuka wakaniangalia, nikaacha.

Dada hakunifokea. Ningependa angenifokea. Alinipata kesho yake nikianika nguo, akaniambia kwa sauti ya chini, "Ulinifanya mimi baba yao." Hakuongeza kitu. Hilo neno ninalo hadi leo, naenda nalo kazini, narudi nalo.

Majirani nao kila mmoja alinipa yake. Mzee Kogo alikuja akasema, "Ile dakika nne ilinisumbua sana. Nililala nikiifikiria." Mama Chela alikuwa mkali zaidi. Akasema, "Hayo mayai ningeleta mara mbili. Na watoto ningekaa nao. Ulikuwa unawapikia ugali gani, mimi nikiuona kutoka mlangoni kwangu, nusu umeiva, nusu mbichi? Ulitufanya tumsaidie mtu ambaye hayuko, na huyu ambaye yuko tukamwacha."

Hiyo ndiyo sehemu inayoniuma nikiwa peke yangu. Msaada ulikuwa hapo, umesimama mlangoni na kibuyu mkononi, na mimi nikaupeleka mahali pengine.

Baadaye walimwendea dada wenyewe, wakamuuliza anataka nini. Hawakukisia. Akasema anataka mtu wa kumalizia sare zilizobaki, na kimya kidogo mchana alale. Siku hizi Mama Chela anamsuka Nasimiyu kila Jumapili, na huko kwa kusuka mtoto anaongea mambo ambayo hatuambii sisi. Mzee Kogo anampeleka Wafula shule, wanaenda wakikimbia taratibu, mzee nyuma. Wale watoto wa ploti bado wanazunguka tangi, hakuna aliyewaambia waache. Akina mama wa kanisa walirudisha nguo chache. Zingine zilikuwa zimeshatoka. Dada alikutana na mama mmoja sokoni amevaa gauni lake la kijani, akashindwa kujizuia, akaisalimia nguo. Yule mama akaitikia.

Mimi bado niko hapo nyumbani, nasaidia. Dada aliniruhusu. Lakini Nasimiyu haniamini. Si kwamba ana chuki, ananipa chai, ananisalimia vizuri. Haniamini tu. Nikimwambia mvua inanyesha anatoa mkono dirishani. Nikimwambia chakula kimeiva anafunua sufuria. Juzi nilimwambia mwalimu wake amempongeza, akaniuliza, "Alisema lini, na nani alikuwa hapo?" Amekuwa akienda kliniki na mama yake, anamuuliza daktari mwenyewe, halafu anarudi kumweleza Wafula. Mimi hapo katikati nimerukwa kama mtaro.

Wiki jana dada alizidiwa. Homa ilipanda, akarudishwa hospitalini. Safari hii watoto walikuwa macho. Nasimiyu alipanga begi, Wafula akabeba viatu, wakaagana mlangoni vizuri, wakilia, lakini vizuri.

Asubuhi yake Wafula alikuja jikoni. Nasimiyu alikuwa anachana nywele pale kando.

"Khocha, mama atakufa?"

Nikasikia ule mdomo wangu unajiandaa. Ulikuwa na kitu kizuri tayari, kitamu, cha kumtuma mtoto shuleni akicheka. Nikauzuia. Nikakaa chini hadi tukalingana macho.

"Sijui," nikasema. "Daktari pia bado hajui. Wanamtibu ile homa. Nikijua kitu chochote, kizuri au kibaya, nitakuambia siku hiyohiyo."

"Hujui kabisa?"

"Kabisa."

Akafikiria. Akakata mandazi yake katikati, akanipa ile nusu ndogo. Tukala. Ilikuwa ngumu, na hakuna mtu aliyecheka, lakini tulikuwa pamoja pale, sisi watatu, tukijua kitu kimoja.

Kwa hivyo wewe unayesoma, kama kwenu kuna mgonjwa na kuna watoto, waambie. Ukikosa maneno mazuri tumia mabaya. Ukianza kulia, lia ukiwaambia. Usingoje upate sauti, sauti haiji. Usiwafiche ukidhani unawabebea mzigo, kwa sababu mtoto atatafuta sababu yake mwenyewe kwa nini mama hayuko, na atakayoipata ataimeza kimya, na wewe utakuwa hapo unasonga ugali. Na majirani waambie pia. Watu wakijua mahali pa kupeleka mikono yao, wataipeleka.

Wacha niishie hapa, Wafula ananiita. Anataka kujua kama zile dawa za mama zinauma. Naenda kumwambia mimi sijawahi kuwekewa, na kwamba leo saa za kuona wagonjwa tutampigia, amuulize mwenyewe.